Leso ya Mlangoni

Jumapili moja, nikiwa na miaka 21, mhudumu wa mlangoni alinisimamisha nje ya kanisa. Nilikuwa nimevaa sketi ya jeans niliyoinunua Kongowea kwa shilingi 80, nikaipunguza kiuno mwenyewe na kushusha pindo. Ilinifika chini ya magoti, lakini mpasuo wa nyuma haukumfurahisha. Akaniambia kwa upole, "Dada yangu, jifunge hii," akanipa leso. Zilikuwa kama tano, zimekunjwa vizuri juu ya kiti cha plastiki, zinangojea watu kama mimi.

Nikajifunga, nikakaa nyuma kabisa. Sitadanganya, mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nimeacha chuo miezi mitatu kabla ya hapo, karo ilikuwa imetushinda, na ile sketi ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimefanya wiki hiyo kikatokea vile nilitaka. Badala ya Biblia nilikuwa nasoma jina la leso. Chuoni nilikuwa nasomea historia, so nikaanza kujiuliza: hii leso ilifikaje hapa mlangoni?

Tuanze na merikani. Ndiyo, jina linatoka Marekani. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar shuka za pamba nzito, zisizotiwa rangi, na kutoka hapo zikasambaa pwani yote mpaka bara. Merikani ndiyo nguo waliyovaa watumwa. Ikitiwa rangi ya nili inakuwa kaniki, na kaniki nayo ilikuwa nguo ya mjakazi na ya mtu wa shamba. Kwa hivyo ukikutana na mwanamke njiani, nguo yake ilikuwa inakuambia ni wa nani kabla hajafungua mdomo.

Kisha mambo yakageuka. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa yenyewe ikafutwa kisiwani mwaka 1897, na kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Katikati ya miaka hiyo ndipo leso ilipozaliwa. Neno lenyewe ni la Kireno, ni kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walikuwa wananunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa kimoja kimoja, wanachukua vipande vitatu mara mbili, wanavishona pamoja, wanapata nguo moja pana yenye maua ambayo hakuna duka lililokuwa linaiuza. Wenye maduka walipoona hivyo ndipo wakaagiza nguo iliyochapishwa nzima. Yaani mtindo ulianza na mwanamke mwenye sindano na pesa kidogo, biashara ikamfuata nyuma.

Na waliokuwa watumwa walipopata uhuru, wengi waliitupa kaniki wakanunua leso. Fikiria hilo kidogo. Mtu ametoka kwenye utumwa, hana shamba, hana nyumba, na senti za kwanza anazozishika anazipeleka kwenye nguo yenye rangi. Kuna watu wangemwambia anapoteza pesa. Mimi naona alikuwa anajua vizuri kabisa anachonunua.

Hapo ndipo Ukristo unaingia, na unaingia mtaani kwetu. Mwaka 1875 wamishenari wa CMS walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makao ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Kengele yao bado iko pale njia panda, ndiyo maana panaitwa Kengeleni. Ukitembea kidogo tu kutoka kwenye hiyo kengele, uko soko ya Kongowea, mahali niliponunua sketi yangu. Nimepita hapo tangu nikiwa mtoto, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba baadhi ya Wakristo wa kwanza wa nchi hii walikuwa watu waliokuwa wanaanza upya hata kwa nguo.

Wamishenari, huku na bara pia, walifundisha wasichana kusoma na kushona. Gauni lenye mikono na kola likawa alama ya imani. Kule Kikuyu waumini wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji, lakini ungewatambua kwa mavazi kabla hujawasikia wakisoma. Kwa msichana aliyetoka kwao na ngozi au shuka, gauni lilikuwa mlango wa kuingilia shule na maisha mengine. Lilikuwa pia kipimo, na kipimo kilishikwa na mtu mwingine.

Kipimo hicho kilikazwa zaidi na uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika Kenya mwaka 1937. Wengi waliookoka waliweka kando hereni, shanga na chochote cha kujionyesha. Nyanya yangu, mama yake mama, alilelewa na watu wa uamsho. Mama anasema Nyanya alikuwa na gauni mbili tu maisha yake yote ya ujana. Lakini alishona kola tatu za kubandika na kubandua: moja ya kazi, moja ya mikutano, moja nyeupe ya Jumapili. Pasi ilikuwa ya makaa. Gauni ni lile lile, lakini Jumapili usingelijua.

Nilipoisikia hiyo hadithi nilicheka, kisha nikanyamaza. Nyanya alikuwa amepewa sheria kali na pesa kidogo, na katikati ya hivyo viwili akapata nafasi ya upana wa kola.

Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo kuhusu mavazi ya wanawake, andiko linalosomwa sana mlangoni ni lile la adabu. Lakini endelea kusoma mstari huo huo. Anavyovitaja kwa jina ni nywele za kusukwa kwa madoido, dhahabu, lulu na nguo za bei kubwa. Hakuna popote anapotaja mpasuo wa sketi. Nimekaa kwenye harusi za kanisa ambapo nguo moja imekula kodi ya nyumba ya mwaka mzima, na hakuna aliyepewa leso.

Sasa, kuhusu hizo shilingi 80. Mama alipokuwa msichana, nguo ilikuwa ya Krismasi. Unanunua kitambaa kwa mita, unampelekea fundi, unangoja. Kulikuwa na viwanda: Kicomi kule Kisumu, Rivatex kule Eldoret iliyoanzishwa mwaka 1976, na vingine. Serikali ilivilinda kwa kuzuia nguo za nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na viwanda, ambavyo tayari vilikuwa na matatizo yao ya madeni na usimamizi, vikaanza kuanguka. Mjomba wangu alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo. Alirudi nyumbani na barua na godoro. Mpaka leo havai mtumba, ananunua shati moja jipya kila baada ya miaka miwili.

Kwa hivyo siwezi kukuambia mtumba ni baraka tupu. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipanga kuiondoa polepole. Marekani ikatishia faida zetu za kibiashara, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya ilipiga marufuku mitumba kuingia kwa miezi kadhaa. Kongowea ikawa kimya, na wanawake wanaolisha watoto kwa kuuza blauzi za hamsini wakakaa nyumbani. Ukiifunga hii biashara leo, kazi ya mjomba hairudi kesho yake.

Nachoweza ni kununua kwa akili. Naenda asubuhi siku robota linafunguliwa, lakini sishindani na wenye maduka wanaochukua kamera, zile nguo za kwanza safi. Nangoja jioni, wakati wa fagia. Naangalia kitambaa kwanza, mtindo baadaye: pamba, kitani, sufi nyepesi, kwa sababu mtindo unaweza kubadilishwa na fundi lakini poliesta itabaki poliesta. Naangalia kwapa na mishono. Gauni kubwa ya mama wa Ulaya nainunua kwa soo moja, natoa sketi na bado kinabaki kitambaa cha kola. Fundi wangu anatoza 150. Rangi nazishika tatu tu, nyeusi, krimu na kijani, ili kila kitu kikubaliane na kingine. Na kila mwaka nikipata pesa ya makala, nashona nguo moja kwa kitambaa kipya kilichotengenezwa hapa. Ni ya mjomba, ingawa hajui.

Leso ya kanisa niliirudisha Jumapili hiyo hiyo, nikaiacha kwenye kiti. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama yaliyotokea, nikitarajia anitetee. Aliigeuza sketi, akaukagua ule mpasuo, akasema, "Mwanangu, huu mshono umeushona vibaya, ndiyo maana unafunguka ukitembea." Akaleta mashine karibu na dirisha.

Tulichukua leso yake ya zamani iliyochanika pembeni, tukakata kipande chenye maua, tukakishona ndani ya mpasuo kama rinda. Ukisimama hakionekani. Ukitembea kinaonekana kidogo, chekundu.

Nilirudi nayo Jumapili iliyofuata. Mhudumu aliniangalia, akaangalia sketi, akaangalia zile leso kwenye kiti. Kisha akauliza, "Hiyo umeshonea wapi?"

Nikamwambia nitamletea namba ya fundi. Sikumwambia kwamba fundi ni mama yangu, kwa sababu bei ingeshuka.