Nasaba, Taifa na Umoja wa Wanawake: Historia Fupi kutoka Kamuli

Kata ya Kamuli iko wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Hii ni nchi ya zamani ya Wahinda, ukoo uliotawala kutoka Bweranyange, ambako mwaka 1861 Omukama (mfalme) Rumanyika alimpokea mpelelezi Mwingereza, Speke. Nasaba ilihesabiwa kwa baba, na kibanja chenye migomba na kahawa kilirithiwa ndani ya ukoo wa wanaume. Binti alitarajiwa kuolewa aende zake. Alikoolewa alilima, akazaa, akazeeka, lakini kibanja kikabaki cha ukoo wa mume.

Harakati za uhuru zilimletea mwanamke huyo chombo kisichomuuliza ukoo wake. Mwaka 1955 chama cha TANU kilianzisha kitengo cha wanawake chini ya Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam. Bibi Titi, mwenyewe mwimbaji, alianzia kwenye vikundi vya ngoma, kwa kuwa huko wanawake tayari walikuwa na viongozi wao na walijua kuitana. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, naye akawa mwenyekiti wa kwanza. Baada ya Muungano jina likawa la Tanzania, na CCM ilipozaliwa mwaka 1977, UWT ikawa jumuiya yake.

Lengo lilikuwa kuwaunganisha wanawake walijenge taifa: wajue kusoma, wazalishe mali kwa vikundi, watetee haki zao. Ngazi zake zilifuata zile za chama: tawi, kata, wilaya, mkoa, hadi taifa, kila moja na viongozi na vikao vyake. Hivyo neno la mama wa kijijini lilipata njia ya kupanda.

Huko Marekani wanawake walipita njia nyingine. Mwaka 1890 iliundwa Washington jumuiya ya Daughters of the American Revolution, yaani Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani. Anayeomba kujiunga lazima athibitishe, kizazi kwa kizazi, kwamba ametokana na mtu aliyesaidia kuupata uhuru wa nchi hiyo. Imetunza kumbukumbu nyingi, lakini mlango wa nasaba unafunga zaidi kuliko unavyofungua, na rangi nayo iliufunga: mwaka 1939 jumuiya hiyo ilimkatalia mwimbaji mweusi, Marian Anderson, kuimba katika ukumbi wake.

Kwetu uzalendo haukuhitaji cheti cha babu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, na vita vikaingia mkoani kwetu Kagera, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi. Waliokimbia na watoto mgongoni hawakuulizana koo.

Hata hivyo, ardhi ilibaki mikononi mwa ukoo. Sheria za mila za Wahaya, jirani zetu, zilizoandikwa na Cory na Hartnoll mwaka 1945, zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, asiiuze. Mwanamke mmoja aliyerithishwa na baba yake kwa wosia aliiuza. Mwana wa ndugu yake akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba, na mauzo yakabaki halali. Mwaka 1995 Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliongoza BAWATA, baraza la wanawake lisilofungamana na chama, lililodai pia haki ya ardhi. Serikali ililifutia usajili mwaka 1997. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikasema hatua hiyo ilikiuka Katiba. Katikati ya hayo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke.

Umoja ulimpa mwanamke sauti kabla ya kumpa kiwanja cha kusimama. Kazi iliyobaki ni ya matawi na vikundi vya Kamuli na kata jirani: wahakikishe jina la mke na la binti linaandikwa kwenye hati ya hakimiliki ya kimila, na wayaandike pia majina ya akina mama walioanzisha matawi yao, kabla wanaowakumbuka hawajaondoka.