Tabibu wa Kima wa Maabara na Wanafunzi Wake

Lugha ya Kiswahili ina daktari wa mifugo, na jina hilo latosha kwa mwenye kutibu ng'ombe, mbuzi, punda na kuku. Kima hamo katika jina hilo. Shambani huhesabiwa mwizi wa mahindi, wa kufukuzwa kwa mawe. Na akiisha kutiwa katika kizimba cha maabara, si mnyama wa mwitu tena wala hajawa mfugo. Si ajabu basi kwamba tabibu wake alikawia kupatikana, hata katika nchi zilizotangulia katika elimu hii, hasa Marekani. Huko uganga wa kima wa maabara ulijulikana kwanza vizimbani, kwa vifo vya wanyama na vya watu, kabla haujafundishwa darasani. Na mwanafunzi wa udaktari wa wanyama aliyeutaka ilimbidi aende kuutafuta vizimbani humo, kwa kazi ya saa chache kila juma.

Katika mwaka wa 1930 Robert Yerkes alifungua kituo cha sokwe huko Orange Park, Florida, kwa nia ya kuchungua akili na mwenendo wao. Miaka miwili baadaye tabibu kijana wa New York, William Brebner, aliyekuwa katika uchunguzi wa ugonjwa wa kupooza, aliumwa na kima wa Bara Hindi wa jinsi iitwayo resusi, akafariki. Kima yule alionekana mzima kabisa. Katika mwaka wa 1934 Albert Sabin na mwenzake Wright walieleza virusi walivyovipata katika mwili wa marehemu, wakaviita B kwa herufi ya kwanza ya jina lake. Kima mwenye virusi hivyo aghalabu haonyeshi dalili yoyote, au hupata vidonda vidogo vya kinywa. Binadamu hupigwa ubongo na uti wa mgongo.

Mambo yalikua ghafula katika miaka ya 1950, ilipotafutwa chanjo ya ugonjwa wa kupooza. Kima walisafirishwa kwa maelfu kutoka Bara Hindi, wamesongamana masandukuni, na wengi walifika na kuhara, kichomi au kifua kikuu. Katika mwaka wa 1955 serikali ya India ilizuia biashara hiyo kwa muda, na katika mwaka wa 1978 ikaipiga marufuku. Madaktari waliopewa wanyama hao walikuwa wamesomea ng'ombe, farasi na mbwa. Bodi ya kuwapima wataalamu wa tiba ya wanyama wa maabara iliundwa Marekani katika mwaka wa 1957, na kuanzia mwaka wa 1962 vilifunguliwa vituo vya taifa vya uchunguzi wa kima, kimoja katika Oregon, kingine Davis, California. Davis palikuwa na chuo cha udaktari wa wanyama tangu mwaka wa 1948; shule na vizimba vikawa majirani.

Yafaa kutazama kazi yenyewe, kwa maana somo limo humo. Kima mgonjwa huficha ugonjwa wake. Mtu akisimama mbele yake hujikaza, hukaa wima, hata hushika chakula kana kwamba atakula. Mtu akiondoka, hujiinamia. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kutazama kwanza vitu visivyojua kuficha: chakula kilichosalia asubuhi, hali ya kinyesi, uzito wa juma hili na wa juma lililopita. Katika hayo mwalimu wake wa kwanza mara nyingi hakuwa daktari bali mlishaji, mtu asiye na shahada aliyeweza kusema kwamba mnyama fulani leo si yule wa jana. Elimu ya walishaji hao haikuandikwa kama ilivyostahili.

Kifua kikuu humjia kima kutoka kwa binadamu, nacho kikiingia chumba kimoja huweza kukimaliza. Kipimo chake ni tone la tuberkulini lililochomwa katika ngozi ya kope la juu, kisha kope hilo hutazamwa baada ya saa 24, 48 na 72. Kope lilichaguliwa kwa kuwa uvimbe wake huonekana kwa mbali, pasipo haja ya kumkamata mnyama upya. Kukamata nako kulikuwa vita: nyavu, glavu nene za ngozi, na kizimba chenye ukuta wa nyuma unaovutwa mbele hata mnyama abanwe. Katika miaka ya 1960 ilitumika dawa ya fensaiklidini; baadaye ketamini, ambayo huchomwa katika msuli na kumlaza mnyama kwa dakika chache. Hapo ndipo mwanafunzi alipopata kushona jeraha la vita vya kundi, kutazama meno na kutoa damu, na mikono yake isitetemeke.

Walakini pana uzito ambao sindano hiyo haikuuondoa. Ng'ombe hutibiwa kwa faida ya mwenyewe, mbwa kwa mapenzi ya bwana wake. Kima wa maabara huponywa ili arudi katika jaribio, na jaribio pengine ndilo mauti yake. Dawa nyingine haitolewi kabla mchunguzi hajaulizwa, isije ikaharibu matokeo. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1966 iliwaingiza kima katika ulinzi, na marekebisho ya mwaka wa 1985 yakataka hata utulivu wa nafsi zao utunzwe. Kwamba jambo hilo lilihitaji miaka 19 si sifa kwa walioitunga ile ya kwanza.

Afrika Mashariki ilikuwa imo katika habari hii, kwani tumbili wake waliuzwa Ulaya. Katika mwaka wa 1967 tumbili kutoka Uganda walileta ugonjwa usiojulikana katika miji ya Marburg, Frankfurt na Belgrade. Watu 31 waliugua na 7 wakafa. Huko Belgrade aliyeugua ni daktari wa wanyama aliyepasua maiti za tumbili, akamwambukiza mkewe. Wote wawili walipona. Uganda hiyo hiyo ina ukoo wa Baganda uitwao Nkima, ambao mnyama huyo ni mwiko wao. Mtaalamu wa lugha atatambua kwamba neno ni lile lile la Kiswahili, ila n imeanguka mbele ya k kama ilivyo kawaida.

Katika mwaka wa 1997 kijana mfanyakazi wa kituo kimoja cha Georgia alirukiwa na tone la uchafu wa resusi jichoni, wala hakuumwa wala kukwaruzwa. Baada ya majuma sita alifariki kwa virusi B. Tangu hapo ulisisitizwa uvaaji wa miwani ya kinga kwa kila aingiaye penye kima wa jinsi hiyo. Mwanafunzi huivaa mlangoni pamoja na glavu na kifuniko cha uso. Na kabla hajapewa kope la kima la kuchoma, yeye mwenyewe huwa amekwisha kupimwa kifua kikuu.