Lugha ya Alama au Lugha ya Ishara?

Tanzania husema lugha ya alama. Kenya husema lugha ya ishara, na Katiba yao ya 2010 imeiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Maana ni moja: lugha kamili ya viziwi, inayosemwa kwa mikono, uso na mwili, ikapokewa kwa macho. Mimi nafuata "alama". Ishara hata asiye kiziwi huitoa akisimamisha daladala, na hiyo si lugha.

Tofauti hiyo iliwapita hata wasomi, wakadhani viziwi walikuwa na ishara tu hadi mtu awatungie lugha. Wengi humtaja padri Mfaransa, Charles-Michel de l'Épée, kuwa ndiye aliyebuni lugha ya alama. Kweli, miaka ya 1760 alikuwa na shule ya viziwi mjini Paris, akiwapokea hata watoto wa maskini. Ila lugha aliikuta kwa wenyewe. Alichotunga ni alama za nyongeza za sarufi ya Kifaransa, jinsia ya nomino na nyakati za vitenzi, ili wanafunzi wake wakiandike Kifaransa.

Shahidi ni Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu aliyepoteza usikivu utotoni kwa ndui. Mwaka 1779 alichapisha kitabu akieleza kwamba viziwi wa Paris, hata wasiojua kusoma, walijadiliana kila jambo kwa alama zao bila kufundishwa na padri yeyote. Yeye mwenyewe alizipata kwa kiziwi mwenzake, mtumishi Mwitaliano asiyejua kusoma.

Nayo alfabeti ya vidole, ambayo Juan Pablo Bonet aliichapisha Madrid mwaka 1620, si lugha ya alama. Ni herufi tu, zimehamia mkononi.

Mwaka 1816 Laurent Clerc, mwalimu kiziwi wa shule ya Paris, alivuka bahari na Mmarekani Thomas Gallaudet, na mwaka uliofuata wakafungua shule ya viziwi Hartford, Marekani. Alama za Paris zikachanganyika na za viziwi wa huko. Hata hivyo ilingojewa hadi 1960 ndipo mtafiti William Stokoe alipoonyesha kwamba kila alama hujengwa kwa umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake, sawa na neno linavyojengwa kwa sauti.

Basi wahariri, mkizungumzia dunia nzima andikeni "lugha za alama", kwa wingi. Ya Marekani ina undugu na ya Ufaransa, si ya Uingereza, ingawa Marekani na Uingereza zote husema Kiingereza.