Kanuni Isiyoandikwa

Darasani kwangu mantiki huanza na kigeu x. Wanafunzi husema: penye x, weka chochote. Haya, kwa kila mtu x, yupo y aliyemzaa x. Mahali pa x weka y: yupo y aliyemzaa y. Mtu amejizaa mwenyewe! Herufi iliyoingia ikiwa huru imenaswa na ile "yupo y".

Hata magwiji wa mantiki walijikwaa katika kanuni hii ya kubadilisha vigeu. Whitehead na Russell walitoa juzuu tatu za kitabu chao Principia Mathematica kati ya 1910 na 1913, wakibadilisha vigeu kila mara, lakini kanuni ya kubadilisha hawakuiandika rasmi. Hilbert na Ackermann waliiandika katika kitabu chao cha mwaka 1928, ikatoka na kasoro, wakairekebisha katika toleo la 1938. Von Neumann alikuwa ameikwepa tangu 1927: badala ya aksiomu moja yenye vigeu, alitoa kiolezo cha aksiomu zisizo na mwisho, hivyo hakukuwa tena na haja ya kubadilisha. Kwangu, huo ndio uamuzi bora kuliko yote ya miaka ile.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kuingiza usemi mahali pa x, kagua herufi zake. Zikigongana na y iliyofungwa, iite kwanza z.