Macho ya Paka wa Ghalani: Kwa Nini Dawa ya Binadamu Hugoma?



Mahindi yakishaingia ghalani, swali hili huwa haliishi: "Bwana ugani, paka wangu anapiga chafya, jicho linatoa machozi na matongotongo, hataki hata mwanga. Je, nimnunulie dawa ya macho ya watu?" Swali ni la msingi. Paka akipofuka, panya ndio wanaofurahi, na gunia ndilo linalolipa. Jibu linaeleweka vizuri zaidi ukijua dawa hizi zilitoka wapi, kwa hiyo leo tupitie historia yake.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1958 nchini Marekani, watafiti Crandell na Maurer walitangaza kwamba wamepata kirusi kutoka kwa paka wachanga waliokuwa na mafua. Ni kirusi cha jamii ya hepesi, jamii ileile yenye kirusi kinacholeta malengelenge ya mdomoni kwa watu. Lakini hiki cha paka hakiambukizi binadamu, kwa hiyo usimfukuze paka kwa kuogopa watoto.

Ubaya wake ni kwamba kikishaingia hakitoki. Paka akipona, kirusi hujificha kwenye mishipa ya fahamu. Akipata shida, kama vile kuhamishwa, kunyonyesha, njaa au ugonjwa mwingine, kinaamka tena na kushambulia macho. Kikichimba kidonda kwenye kioo cha jicho, paka anaweza kupofuka.

Dawa ya kwanza: tofali bovu

Mwaka 1959, William Prusoff wa Chuo Kikuu cha Yale alitengeneza idoksuridini akitafuta dawa ya saratani. Mwaka 1962 daktari wa macho Herbert Kaufman akaonyesha kwamba inatibu hepesi ya jicho. Ikawa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa duniani za kutibu virusi.

Inafanyaje kazi? Kirusi kinapozaliana hujenga vinasaba vyake kama fundi anayepanga matofali. Idoksuridini inafanana na tofali halisi, lakini ni bovu. Kirusi kikilitumia, ukuta unaharibika. Tatizo ni kwamba seli za mwili nazo zinaweza kulitumia tofali hilo, ndiyo maana dawa hii ilibaki kuwa ya kutia machoni tu, si ya kumeza. Baadaye ikaja trifuluridini, inayofanya kazi kwa njia hiyohiyo. Dawa hizi mbili zilifanya vizuri pia dhidi ya kirusi cha paka zilipopimwa maabara.

Asikloviri: kufuli na ufunguo

Miaka ya 1970, kampuni ya Burroughs Wellcome ilileta asikloviri. Gertrude Elion, mmoja wa waliohusika, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Uzuri wa dawa hii ni kwamba inaingia mwilini ikiwa imefungwa kama kwa kufuli. Kinachoifungua ni kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Seli isiyo na kirusi haina ufunguo huo, kwa hiyo haiumizwi sana.

Kwa watu ilikuwa faraja kubwa. Kwa paka mambo yakawa tofauti. Kirusi cha paka kina kimeng'enya hicho, lakini ni kizito kuifungua asikloviri. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1989 vilionyesha kwamba ilikuwa dhaifu mno ikilinganishwa na trifuluridini na idoksuridini. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliona nafuu kwa paka waliopakwa marhamu yake mara tano kwa siku. Ukipaka asubuhi na jioni tu, usitegemee matokeo hayo.

Kidonge kilichoharibu figo

Wengine walifikiri: kama dawa ni dhaifu, tuongeze nguvu. Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya paka waliopewa valasikloviri, kidonge kinachogeuka asikloviri mwilini. Ini, figo na uboho wa mifupa viliharibika, na kirusi hakikupungua. Ndugu yangu, kidonge hiki usimpe paka kamwe.

Baadaye ikajaribiwa famsikloviri. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba inawasaidia paka wenye kirusi hiki. Hata hivyo, ini la paka linaichakata tofauti na la mtu. Huwezi kukata kidonge cha mtu kwa kukisia uzito. Kipimo hutoka kwa daktari wa mifugo.

Usugu ni wa aina mbili

Mnaoogesha ng'ombe mnaujua usugu wa kwanza. Dawa ya josho inaua kupe mwanzoni, ikichanganywa pungufu kwa muda mrefu, kupe wanaizoea. Hepesi ya binadamu nayo hufanya hivyo: virusi vilivyopoteza ule ufunguo haviwezi tena kufungua asikloviri, hasa kwa wagonjwa wenye kinga dhaifu wanaotibiwa muda mrefu.

Usugu wa pili ni wa asili. Hakuna aliyekosea kipimo. Kirusi cha paka na asikloviri havikupatana tangu mwanzo. Kuongeza dozi hakuondoi usugu wa namna hii, kunamuumiza paka tu.

Ufanye nini?

1. Safisha macho kwa pamba na maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Kila jicho pamba yake.
2. Usitie dawa ya macho yenye steroidi, kama deksamethasoni. Inashusha kinga na kukipa kirusi nafasi ya kuchimba jicho. Soma boksi, au muulize muuzaji kabla ya kulipa.
3. Marhamu ya tetrasaikilini hupambana na bakteria wanaodandia kidonda. Hayagusi kirusi.
4. Dawa za kirusi hazikiui, zinakizuia kuzaliana. Ukiruka saa, kinaendelea. Fuata ratiba uliyopewa mpaka mwisho.
5. Mtenge mgonjwa na paka wengine, na osha vyombo vyake kwa sabuni. Nje ya mwili kirusi hiki hakidumu, kwa kawaida hufa ndani ya siku moja.
6. Chanjo ipo. Haizuii maambukizi yote, ila inapunguza makali.
7. Ukiona jicho limeweka ukungu au paka analifumba muda wote, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Unapouza dawa dukani, mteja akikuambia "ni ya paka," usimpe ya mtu kwa sababu tu tyubu zinafanana. Mwelekeze kwa daktari wa mifugo. Jicho likishatoboka, hakuna dawa ya kulirudisha.