Uzi au hariri?

Katika uvuvi wa trauti wa kaskazini mwa Uingereza, chambo bandia kinachoiga mdudu mara nyingi hupewa jina la vitu viwili: unyoya na hariri. "Kwale na Chungwa" ni unyoya wa kwale wenye madoadoa ya kahawia, uliozungushwa mbele ya kiwiliwili cha hariri ya rangi ya chungwa. T. E. Pritt alivieleza vyambo vya jamii hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1885 kuhusu Yorkshire. Basi mfasiri anayeandika "uzi" mahali pa "hariri" hupoteza nusu ya jina, na nusu ya chambo chenyewe.

Watasema neno uzi linatosha, kwani siku hizi wengi hufunga vyambo hivi kwa nailoni au poliesta, zilizo imara zaidi na zisizooza. Uimara huo sibishani nao. Lakini hapa uzi haushikilii unyoya kwenye ndoana tu. Ndio mwili wa mdudu. Hariri iliyopakwa nta ikilowa hukolea, chungwa angavu likaelekea kwenye wekundu wa kahawia, na samaki huiona ikiwa hivyo. Ndiyo maana fundi makini huipima rangi ikiwa imelowa. "Uzi wa hariri" naukubali. "Uzi" peke yake, hapana.