Na Nikibonyeza Hapa?

Kitufe kilichochorwa vizuri bado ni picha. Kibonyeze mpaka kidole kichoke, hakikujibu. Mteja akionyeshwa tovuti ya namna hiyo atasema iko poa, halafu aulize swali linalouma: na nikibonyeza hapa? Swali hilo ni la zamani kuliko tovuti yenyewe.

Mwaka 1987 Apple ilitoa HyperCard, kazi ya Bill Atkinson, jamaa aliyekuwa ameacha masomo ya uzamifu ili aajiriwe Apple. Kila skrini iliitwa kadi. Unachora kitufe juu ya kadi, unakifungua, unakiandikia maagizo kwa lugha ya HyperTalk. Mstari wa kwanza unataja tukio: “on mouseUp”, yaani kidole kikiachilia kipanya. Wa pili unataja kitendo: “go to next card”, nenda kadi inayofuata. Wa tatu unafunga. Basi. Mistari mitatu tu, na mchoro unaanza kujibu.

Lakini mbona kuachilia, si kubonyeza? Kwa sababu mtu hujuta. Ukibonyeza ukaghairi, unasogeza kipanya pembeni kabla ya kuachilia, na hakuna kinachotokea. Kwenye nafasi hiyo ndogo kuna heshima kwa anayetumia.

Atkinson alitaka HyperCard iende bure na kila Mac mpya, na ikawa hivyo. Watu ambao hawakuwahi kujiita maprograma wakaanza kujenga masomo, michezo na kumbukumbu za ofisi. Myst, mchezo uliovuma sana kuanzia 1993, ulijengwa humo na ndugu wawili, Rand na Robyn Miller.

Mei 1995, huko Netscape, Brendan Eich alipewa siku 10 kuunda lugha ya kivinjari. Ndiyo hiyo tunaiita JavaScript. Alipotafuta namna ya kuuambia ukurasa “ukibonyezwa, fanya hivi”, aliazima mtindo wa HyperTalk. “Onclick” unayoiona leo ni mjukuu wa ile mistari mitatu.

Halafu kazi ikagawanyika. Mmoja akachora, mwingine akaandika kodi, na mchoraji akarudi kubaki na picha. HyperCard yenyewe iliacha kuuzwa 2004. Programu kama Axure na Figma zimerudisha sehemu ya nguvu ile: chagua kitufe, chagua tukio, chagua kitendo, vuta mshale hadi skrini ya pili. Wengi wanauona mshale huo kama mapambo ya kumfurahisha bosi. Si mapambo. Ni uamuzi.

Chukua skrini ya kutuma pesa. Mtu akibonyeza “Thibitisha” mara mbili kwa sababu mtandao unavuta, pesa zinaenda mara mbili? Akibonyeza “Rudi”, namba aliyoandika inabaki au inapotea? Picha haiwezi kukuuliza maswali hayo. Prototaipu yenye matukio inakuuliza siku ya kwanza, wakati kubadilisha jibu ni kusogeza mshale tu. Usipolijibu hapo, litajibiwa baadaye na mtu mwenye haraka, na gharama atalipa mama aliyesimama dukani, simu mkononi, akingojea ujumbe ambao hauji.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi ya kitufe, andika sentensi moja: akikibonyeza, nini kitatokea?